Choo cha Nyumba Kubwa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu, yenyewe sitaisahau. Nilivaa buibui saa za alasiri, jua la Garissa bado linachoma utosi, nikatia spana mkobani, nikatoka kwangu kwenda kugombana na choo.

Cheka tu. Afadhali ucheke, maana tangu ushuke kwenye basi asubuhi na begi lako kutoka Bute, hujafanya lolote ila kulia. Umenieleza nimekusikia. Mumeo kila jioni ana kazi nyumbani kwa mke wake wa kwanza. Leo geti limeng'oka, kesho tangi linavuja, keshokutwa stima imekatika. Wewe unakaa kwako na chakula kinapoa, na sasa unataka talaka. Haya. Weka simu chini, kunywa hiyo chai kabla haijafanya ngozi juu, unisikilize mimi mama yako. Wivu huo unaodhani umeuanzisha wewe, mimi niliulea ndani ya nyumba kabla yako.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa na wake wawili, hilo unalijua. Mkubwa ni huyu mama yako mkubwa, Fatuma, aliyelala chumba cha pili. Mdogo ni mimi. Usichokijua ni jinsi tulivyoishi kabla hujazaliwa, kwa sababu ulipofungua macho ulitukuta tumeshapatana, ukadhani tulizaliwa hivyo. Wapi!

Mimi ni wa Kotile. Mama yangu alikuwa mtu wa mtoni, ndiyo maana humu ndani tukigombana tunagombana kwa Kiswahili, Kisomali tunakiacha kwa ajili ya salamu na wageni. Baba yako Dahir alikuja kwetu kununua ng'ombe, akaniona nikiteka maji. Nilikuwa mrembo, usinitazame hivyo, uliza watu. Alikuwa ameishi na Fatuma miaka mingi bila kujaliwa mtoto. Ndugu zake wakamsukuma, oa, oa, mpaka akaoa.

Fatuma alikuwa akikaa hapa hapa, nyumba hii ya mawe. Zamani ilikuwa nyumba ya ofisa wa serikali, kisha baba yake Dahir akainunua. Kuta zake nene, mabati yake yamekuwa mekundu kwa kutu, na ndani yake kuna choo cha kuvuta maji, wakati bulla nzima, mtaa wote huu, watu walikuwa na mashimo nyuma ya ua. Fatuma alipoletwa bibi harusi, wanawake walikuja makundi kwa makundi kutazama choo. Walikuwa wakivuta mkono wa tangi, maji yakinguruma wanakimbia nje wakipiga kelele. Yeye mwenyewe amenisimulia.

Mimi Dahir alinijengea upande wa pili wa soko. Vyumba viwili, saruji mpya, na choo cheupe kinachong'aa. Hakikuvuja hata tone.

Sasa sikiliza jambo ambalo ndilo lililotufikisha kwenye ugomvi wa choo. Wazee walipoketi kugawa zamu, usiku huu kwa mkubwa, usiku ule kwa mdogo, Fatuma alizungumza kutoka nyuma ya pazia. Alisema, "Mimi usiku wangu nimeusamehe. Mtoto sikujaliwa, zamu ya nini? Aende kwa msichana wake akazae." Wazee wakamsifu. Mji mzima ukamsifu. Mwanamke gani huyo, walisema, moyo wake mpana, pepo inamngoja. Na mimi, kijana niliyekuwa, nilifurahi mpaka nikaona haya. Mume nimepewa mzima, sikuombwa hata nusu.

Hakuna aliyeketi akajiuliza kama yule mama alisamehe kwa moyo au kwa hasira. Ilikuwa hasira, mwanangu. Hasira ya mtu aliyeumizwa akaona atupe kila kitu mwenyewe kabla hajanyang'anywa. Lakini maneno yametoka mbele ya wazee, utayameza vipi?

Basi kwa sheria yetu, Dahir hakuwa na usiku hata mmoja katika nyumba kubwa. Mahitaji alikuwa akituma kutoka sokoni, nyama, unga, sukari, kila kitu. Kuingia mwenyewe angeweza kwa haja tu. Sheikh alimweleza wazi, haja inakuingiza, haja ikiisha inakutoa. Si kukaa, si kujinyoosha kwenye mkeka.

Tukaishi hivyo miezi kadhaa, raha mustarehe. Kisha choo cha nyumba kubwa kikaanza kutiririka.

Habari ilikuja kwamba maji hayakatiki, tangi la juu linakauka kabla ya adhuhuri, na Fatuma ananunua maji ya mkokoteni wa punda. Dahir akachukua spana, akaenda. Alirudi magharibi na mikono ya kanzu imelowa hadi kwenye viwiko. Mimi mke mwema nikamtilia chai, nikamwambia pole na kazi. Baada ya siku chache kikatiririka tena. Akaenda. Kikatiririka tena. Akaenda.

Mara ya kwanza nilimhurumia. Mara ya pili nikanyamaza. Kisha nikaanza kunusa.

Ndiyo, kunusa! Usijifanye hujamnusa mumeo. Nilishika kanzu yake nikaileta puani, nikakuta unsi. Ubani wetu ule wa kufukiza nguo na vyumba, uliotiwa sukari na manukato. Nikajiuliza, choo gani hiki kinachofukizwa unsi? Nikaweka chakula, akala tonge mbili akasema ameshiba. Fundi gani huyu anayeshibishwa mikate ya anjera na nyama ya nyirinyiri kazini? Halafu kulikuwa na jambo lililoniuma kuliko yote. Alikuwa akiimba. Nyimbo zile za kunyweshea ngamia kisimani, alizojifunza kwa baba yake. Alikuwa akizivumisha puani akienda na spana yake, na akirudi nazisikia tangu kwenye kona ya msikiti. Kwangu hakuwa akiimba. Kwangu alikula, alilala, alifanya yote ya mume, na alikuwa mpole, sina la kumsingizia. Ila hakuimba.

Na kitasa cha mlango wangu kiliharibika siku hizo. Unajua alifanya nini? Alimwita fundi. Kitasa changu fundi, choo cha Fatuma yeye mwenyewe! Nikamwambia, na kile choo mwitie fundi vilevile. Akanitazama usoni bila kupepesa, akasema mafundi wa siku hizi hawavijui vyoo vya zamani.

Wivu ulinila, mwanangu. Usisikie watu wakisema wivu ni maneno ya nyimbo. Mimi wivu ulinikaa hapa, chini ya kifua, chakula hakipiti. Nikikuna nazi nasikia maji yanatiririka. Nikisali nasikia maji. Nilikuwa na mume usiku wote na mimba yako tumboni, na nilikuwa namwonea wivu mwanamke mwenye choo kibovu. Nikajiambia, huyu mama ni mjanja. Mbele ya wazee kajifanya ametoa, sasa anaiba jioni zangu. Anakiharibu mwenyewe. Anatia kitambaa, anatia jiwe, anajua yeye.

Siku moja Dahir akiokota spana yake uvunguni mwa kitanda, nikasimama mlangoni.

"Dahir," nikamwambia, "chagua. Choo au mimi."

Akacheka. Akaniangalia vizuri, akaacha kucheka. "Halima, ni haja. Sheikh amesema."

"Haja gani isiyoisha?"

Alinipita kwa ubavu akaenda zake. Siku ile nilikunja nguo zangu nikazitia begini, kama wewe. Nilikuwa na kaka zangu Kotile, watu wenye sauti, na nilijua wakisimama watanidaia talaka. Lakini nilitaka niwapelekee ushahidi. Nilitaka niseme, nimeingia kwa Fatuma, nimefunua tangi la choo, nimekuta hiki hapa. Nimwaibishe yeye mbele ya wale wale waliomsifu, kisha nimwache Dahir na choo chake.

Kwa hiyo siku ya mnada wa mifugo, yeye akiwa Soko Ng'ombe mpaka jioni, nikachukua ile spana uvunguni. Nilisema nitakitengeneza mbele ya macho yake, nimkate kisingizio. Nikatoka.

Nikaanza kwa kuzunguka nyuma ya nyumba. Pale ukutani kuna kibomba kinachotoa nje maji yaliyozidi kwenye tangi la choo. Yalikuwa yakidondoka, tii, tii, tii, na chini yake pameota majani mabichi, mahali pekee palipokuwa na kijani katika bulla nzima. Mbuzi wa jirani walikuwa wamepanga foleni. Niliwatazama wale mbuzi kwa chuki, haki ya Mungu, hata wao walikuwa wanafaidi.

Fatuma alifungua mlango. Alikuwa mrefu wakati ule, hajapinda mgongo. Sikumpa hata salamu.

"Nimekuja kuona choo."

Akatazama uso wangu, akatazama tumbo. "Choo iko palepale," akasema. "Pita."

Kiswahili chake unakijua, kila kitu ni "iko" na "hii". Akaniongoza. Nilipoweka mguu juu ya kigoda nifunue tangi, akanishika mkono. "Una mimba, shuka." Akapanda yeye, akashusha kile kifuniko kizito cha kaure, akakiegemeza ukutani. Akashuka, akanishikia kigoda nikapanda. "Haya, tazama unachotaka kutazama."

Nikatazama. Nikatia mkono mpaka kwapani. Kitambaa hakuna. Jiwe hakuna. Mle ndani kuna boya, tufe linaloelea juu ya maji, limeshikwa na chuma kirefu cha shaba, na mwisho wa chuma pana koki ndogo inayoingiza maji. Maji yakipanda, boya linapanda, chuma kinabana koki, maji yanakata. Ndani ya koki kuna kipande cha mpira cha kuzibia. Nikafunga maji ukutani, nikakifungua kwa spana nikitaraji kukuta kimeliwa. Kilikuwa kipya kabisa. Nikakirudisha.

"Hapana huko," Fatuma akasema. "Tazama chuma."

Chuma kilikuwa kimekunjwa kuelekea juu. Kwa hiyo boya lilikuwa limeinuliwa mno, maji yanafika mdomoni mwa kibomba cha nje na yanamwagika kabla boya halijabana kitu. Na pale kilipokunjwa palikuwa na alama za meno, zinang'aa, mpya juu ya zilizopita. Chuma kile kigumu, mkono mtupu haukikunji. Nikaisogeza spana niliyokuja nayo. Meno yake yakaingia katika zile alama, moja kwa moja.

Ile spana ililala uvunguni mwa kitanda changu. Haikuwahi kulala nyumba kubwa hata mara moja.

Nilisimama pale nimeishika. Nikamuuliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu mara ya pili."

"Mbona hukumwambia? Mbona hukuita fundi?"

Akanijibu kwa swali. "Wewe ungeita?"

Ndipo akanipa maneno yangu, kwa sauti ya chini kabisa, wala hakunyoosha kidole.

"Msichana, wewe una usiku wake yote. Una mtoto wake hapo tumboni. Mimi nina hii choo. Umevaa buibui, umevuka soko na jua hii, kuja kuninyang'anya choo?"

Ungesema hapo moyo wangu uliyeyuka, nikamkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikuwa kijana na wivu ulikuwa mkavu kama kuni. Kujua kwamba ni Dahir mwenyewe ndiko kuliniwasha zaidi. Nilikishika kile chuma kwa spana, nikakikunja kuelekea chini kwa nguvu zangu zote. Nikafungua maji ukutani. Tangi likajaa, boya likapanda, maji yakakata. Nyumba yote ikanyamaza. Nilikuwa sijajua nyumba hii inaweza kuwa na kimya namna ile.

"Umemaliza?" akauliza. "Basi kaa unywe chai."

Sikukaa. Nilirudi kwangu nimeshinda.

Siku ya pili Dahir akaenda nyumba kubwa. Hakukawia. Nguo zake zilikuwa kavu.

"Choo kimepona," akasema.

Aliiona spana imerudi uvunguni, imegeuzwa upande ambao hakuiacha, na hakuniuliza. Hakuwa mtu wa kelele baba yako. Sasa nilikuwa naye mzima mzima, mchana na usiku. Jioni anarudi mapema. Akanitengenezea kitasa upya, ijapokuwa fundi alikuwa amekitengeneza vizuri. Akapigilia miguu ya kitanda. Akazunguka ndani ya nyumba ile mpya akitafuta kitu kilichoharibika, na hakukuwa na kitu kilichoharibika.

Alasiri moja nikamkuta chooni kwangu. Amefunua tangi langu jeupe, amesimama anatazama maji yaliyotulia.

"Kimeharibika?" nikamuuliza.

"La. Natazama tu."

Nikaenda jikoni nikaketi chini nikalia. Nilikuwa nimekuwa na wivu tangu siku ya kwanza, lakini ule wa siku hiyo ulikuwa mwingine kabisa. Mwanzoni nilidhani Fatuma ananiibia. Sasa nilijua hakuna aliyeniibia. Yule mtu alikuwa amekaa na kukunja chuma kwa siri, mzee mwenye heshima zake, mfanyabiashara anayesikilizwa sokoni, alikuwa akiharibu choo chake mwenyewe ili apate ruhusa ya kuketi kidogo karibu na mke wake. Mimi nisingeharibiwa hata kikombe. Mimi nilipewa kwa sheria, yeye alitafutwa kwa hila. Ungelia au hungelia?

Na zile nyimbo zilikuwa zimekwisha.

Sasa nitakalokwambia lifuate vizuri, kwa sababu watu wakikusimulia mambo haya wanapenda kujipaka mafuta. Sikurudi kwa Fatuma kwa huruma. Huruma ilikuja baadaye, polepole, na wewe ndiwe uliyeileta. Siku ile nilirudi kwa wivu uleule. Nilimtaka yule mtu anayeimba tangu kwenye kona ya msikiti. Nilimtaka aingie kwangu. Na nikagundua kwamba yule mtu hakuwa akitengenezwa kwangu, alikuwa akitoka nyumba kubwa, na nikiufunga mlango wa kule nabaki na huyu anayetazama maji.

Basi nikavaa buibui, nikatia spana mkobani, nikavuka soko tena.

Fatuma alikuwa barazani anachambua mchele. Safari hii nikatoa salamu, akaitikia. Nikamwambia mimba inanisumbua, naomba choo. Akaniashiria kwa kidevu. Nikaingia, nikapanda kigoda pole pole nikimwomba Mungu nisianguke, nikafunua. Nikakishika chuma, nikakikunja kuelekea juu. Nikashuka, nikarudi barazani, nikaketi kando yake, nikachukua konzi ya mchele nami nikaanza kuchambua.

Ssss, maji yakaanza. Kisha nyuma ya nyumba, tii, tii, tii.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Halima," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Umefanya nini?"

"Kimeharibika tena, abaayo."

Abaayo ni dada. Mimi nami ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Tulikaa tukisikiliza. Mbuzi mmoja akaja, sijui walikuwa wakisubiri wapi. Nikamwambia, "Zamu uliyosamehe ni yako. Sheikh mwenyewe atakwambia unaweza kuirudisha siku yoyote unayotaka. Yeye anaona haya kuomba kitu ulichokitupa mbele ya wazee. Wewe unaona haya kukiokota. Mtakaa hivyo mpaka choo kianguke."

"Na wewe huoni haya?"

"Mimi sina haya, umeniona."

Akajifunika mdomo kwa mtandio akacheka. Kicheko kikageuka, mabega yakawa yanatikisika kwa namna nyingine, nikatazama mchele. Baadaye akajipangusa, akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa.

"Akiwa kwangu usiku, wewe utaweza?"

"Sitaweza," nikasema. "Nitakaa hivyohivyo bila kuweza."

Kisha akauchukua ungo akaupepeta mara moja, makapi yakaruka.

"Nenda kakunje hiyo chuma, maji inapotea," akasema. "Na Dahir mwambie aje Alhamisi. Aje na nguo zake. Asije na spana."

Nilimfikishia ujumbe neno kwa neno. Unajua alinijibu nini? Alisema, "Amesema Alhamisi ipi?" Alhamisi ipi! Nilitaka kumtupia birika. Nilitaka kumtupia na meza.

Alhamisi ile nilimpigia pasi kanzu, machozi yakidondoka juu yake mpaka nikawa sihitaji kunyunyizia maji. Alipotoka nilifunga mlango nikauma shuka. Usingizi haukuja. Nilimwona Fatuma akiwasha unsi, niliona kila kitu, na vingine ambavyo havikuwepo. Asubuhi nikaapa nitakwenda Kotile. Nikachukua lile begi, ambalo bado lilikuwa limefungwa, nikaliweka mlangoni.

Ndipo nikasikia, kutoka kwenye kona ya msikiti, mtu anaimba wimbo wa ngamia.

Akaingia kwangu akiimba. Akaliona begi. Akaacha kuimba, akalibeba, akalirudisha chumbani, akakaa karibu nami akaniambia, "Nipe chai, Halima, na unieleze umelalaje." Hakuwahi kuniuliza hivyo kabla. Nikamweleza. Nilimweleza mpaka adhuhuri, maskini, alijuta kuuliza.

Ulipozaliwa, mikono ya kwanza kukupokea ni ya mama yako mkubwa. Na Mungu alipomchukua baba yako, mimi ndiye niliyefunga nyumba yangu mpya nikahamia huku, tukawa wajane wawili chini ya mabati haya mabovu. Kile choo tunacho, na kikitiririka namkunjia chuma. Bado tunabishana. Yeye anasema Dahir aliimba zaidi hapa. Mimi nasema aliimba zaidi kwangu. Juzi tu tumenuniana kwa ajili hiyo, wakongwe sisi! Wivu hautanitoka, na sikudanganyi kwamba wako utakutoka.

Sasa nasaha yangu ni hii, uishike. Mumeo akikupiga, akikunyima chakula, akikudharau mbele za watu, hiyo ni habari nyingine, kitanda chako kipo na mimi mwenyewe nitakwenda Bute kuwaambia wanachostahili. Lakini hukuja na hayo. Umekuja na geti, na tangi, na stima. Basi usiombe talaka kwa kitu ambacho hujakifunua kifuniko. Nenda kwa yule mwanamke mchana, kwa miguu yako, na ukifika toa salamu kwanza, usifanye kama mimi. Tazama kwa macho yako kilichoharibika ni nini na ni nani anayekiharibu. Pengine ni geti bovu kweli, na utarudi umecheka. Pengine kuna kitu mumeo anakitaka kule na anaona haya kukisema. Kama ni hivyo, mlazimishe akiseme. Kipewe siku yake, kiwe mchana kweupe, na wewe siku zako zijulikane ni zako. Utaumia. Lakini utaumia siku moja kwa wiki na siku nyingine utalala. Sasa hivi unaumia kila siku, kwa sababu kila siku hujui. Na katika hasira yako usitoe kitu mbele ya watu ambacho kesho utakitamani. Muulize huyu aliyelala chumba cha pili, alikaa miezi mingapi akisikiliza maji.

Unasikia? Ameamka, anauliza kama umekula. Mwambie umekula. Kisha nenda ukaketi naye, akushike kichwa akuombee, dua yake ina njia kuliko yangu.

Yangu ni hii. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, mwanangu, akupe watoto, akupe subira na ulimi wa kuuliza. Akulaze usingizi hata katika usiku usio wako. Na akujaalie nyumba ambayo anayekupenda hahitaji kuharibu kitu ili apate kuingia. Amin.